Tafsiri za Jumamosi Saa Kumi

Watu waliomfahamu kwa sauti tu walikuwa wakimpita mlangoni. Nimeliona hilo mara nyingi mpaka nikaacha kulicheka. Mgeni anashuka kwenye bodaboda, kavaa vizuri, ametoka Kakonko au Manyovu na mkungu wake wa ndizi. Anamkuta mzee mfupi, mwembamba, amesimama kizingitini mwa redio na tai shingoni. "Shikamoo mzee. Namtafuta Mtangazaji wa magitaa." Mzee anaitikia marahaba, anamwonyesha benchi, kisha anaingia ndani. Mara ile sauti nzito inatoka kwenye spika ya barazani, sauti ya pandikizi la mtu, na mgeni anaruka kama kamwagiwa maji ya moto. Hapo ndipo anapotambua amemwamkia nani.

"Kwa nini humwambii kuwa ni wewe?" nilimuuliza siku moja.

"Mama Saluni, hakuniuliza mimi ni nani. Aliniuliza yule yuko wapi. Na yule anakaa ndani."

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo upi, hayo wanayo jamaa zake wa Kibondo. Mimi nilipata kipande changu tu, nacho kilinijia kupitia ukutani. Redio yetu ya jamii ilipanga upande mmoja wa nyumba pale Kasulu mjini, nami nikapanga upande wa pili nikafungua saluni. Ukuta mmoja, bati moja, na umeme wa waya mmoja. Siku ya kwanza niliwasha draya mbili kwa pamoja, swichi kubwa ikaruka, na redio ikanyamaza katikati ya neno. Akaja mwenyewe. Nikajiweka tayari, maana mimi kwa ugomvi sijambo.

"Mama," akasema kwa upole, "naomba saa moja tu kwa wiki. Jumamosi, saa kumi mpaka saa kumi na moja. Saa nyingine zote ni zako. Hata ukiikata taarifa ya habari, wapo watakaokushukuru."

Ugomvi wangu ukakosa pa kushika. Tukapatana kwamba saa hiyo nitaosha vichwa, nitasuka, nitafunga rola, ila draya siigusi. Na Jumamosi jioni ndiyo saa ya saluni kuliko zote, kila mtu anatengeneza kichwa cha kanisani au cha harusi. Hivyo ndivyo wanawake wa Kasulu walivyojifunza rokenroli: wamejifunga taulo, maji yanawatiririka shingoni, na baridi yetu ya milimani inawauma masikio.

Muziki wenyewe nisiseme uongo, mwanzoni niliuchukia. Mimi ni mtu wa kwaya, na nikichangamka sana ni rumba. Haya magitaa yake yalikuwa kama mtu anayeburuta mabati barabarani, halafu mwenzake anampigia kelele aache. Mteja akiniuliza ni nini hicho, nilimjibu kuwa ni jirani, atamaliza.

Ugonjwa huo aliupatia kazini. Zamani alikuwa dereva wa shirika moja lililohudumia wakimbizi. Fundi wa magari wa shirika hilo, Mzungu mmoja, alipoondoka aligawa vitu vyake. Wengine walipata masufuria, wengine vitanda. Yeye akapata boksi la kanda. Kiingereza chake kilikuwa cha barabarani: simama, geuka, shusha mizigo, asante. Lakini alizisikiliza kanda zile garini kati ya Kasulu na Kibondo, kwenda na kurudi, vumbi na matope, mpaka akaamua kwamba anazielewa. Redio ilipofunguliwa na kutafuta watu wa kujitolea, akaenda na boksi lake kichwani.

Na hapo ndipo penyewe. Mtangazaji hakuwa akipiga nyimbo tu. Alikuwa akizitafsiri.

Akishaanza wimbo anaupunguza kidogo, anasogea kwenye maiki, na sauti inashuka kama ya mtu anayekupa siri. "Sasa msikilizeni huyu kijana. Analalamika. Anasema alipeleka beberu kwa wakwe, wakwe wakamla beberu, halafu wakasema mazungumzo bado hayajaanza." Gitaa likipaza sauti, naye anapaza. "Mnasikia? Hapo anawauliza, beberu wangu yuko wapi!" Palikuwa na wimbo mwingine, yeye akidai ni wa dereva wa lori. "Huyu yuko Manyovu, kabeba mzigo mzito, na kilima ndicho hicho. Anaweka gia ya kwanza. Injini inalia. Msikilizeni!" Na kweli gitaa lilikuwa linalia, linapanda, linakwama, linapanda tena, na wanawake wangu wenye taulo wameinama mbele kwenye viti, wanamsaidia kusukuma. Lori lilipofika juu, mmoja alipiga makofi na povu la shampuu likaruka mpaka kwenye kioo.

Siku hiyo nilijikuta nimesimama na kitana mkononi, sisuki. Toka hapo sikuwahi tena kusema nauchukia.

Mteja wangu mmoja alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Jumamosi hakukosa. Alikaa kiti cha pembeni, akatabasamu chini ya taulo lake, kimya. Nikamwinamia sikioni, "Mwalimu, hayo anayosema ndiyo yaliyomo?"

"Mama Saluni," akasema, "wewe endelea kusuka."

Uliopendwa kuliko zote ni wimbo wa Yule Dada. Huo aliupiga kila wiki, na kila wiki ulisema jambo jipya. Wiki ya kwanza Yule Dada alikuwa amerudi kwao kwa hasira. Wiki iliyofuata tukaelezwa sababu: mume ameuza baiskeli bila kumwambia. Kisha mama mkwe akatia mguu. Kisha bati likavuja. Mtu mmoja alimpigia simu hewani kumuuliza inakuwaje wimbo uwe ule ule na maneno yabadilike. Hakutikisika hata kidogo. "Ndugu yangu, wewe ukiwa na shida nyumbani, kila siku unaisimulia kwa maneno yale yale?" Mtu wa simu akasema hapana. Na mambo yakaishia hapo.

Kutoka kambi ya Nyarugusu alikuwa akipiga simu mama mmoja Mkongomani, muuza vitenge, sauti yake kubwa kuliko ya Mtangazaji.

"Papa Mtangazaji, bonjour! Ule dada ya chanson, eske alirudilia bwana yake ao angali kwabo?"

"Bado yuko kwao, mama. Ngoja tumsikilize leo anasemaje."

"Sawa, Papa. Umwambie bwana yake aende kumuchukua. Asitume mutu, aende yeye mwenyewe!"

"Nitamwambia, mama." Alijibu kana kwamba bwana yule amekaa pale benchini na mkungu wa ndizi.

Ukimkuta nje ya saa yake, huamini ni yeye. Alikuwa mzee wa kanisa asiyeonja pombe, na baiskeli aliiendesha polepole hata kuku walikuwa hawaipishi. Mke wake, mama mnene mcheshi, alikuwa akija kwangu kusuka siku yoyote ile isipokuwa Jumamosi. Nyumbani kwao hakukuwa na redio. Nilimuuliza kama hapendi kumsikia mumewe.

"Nimsikie nipate nini? Maneno yote anayamaliza huku kwenu, mimi ananiletea masalia. Habari za kutwa, chakula, usiku mwema. Nikija kusikia anavyowaongelesha ninyi, nitamdai."

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Kabla ya kipindi chake palikuwa na matangazo ya vifo, na alitaka ayasome mwenyewe. Aliyasoma taratibu, jina la kijiji mara mbili, ili aliye shambani apate kumwita mwenzake asikie. Akimaliza alinyamaza. Kisha alisema kwa Kiha, halafu kwa Kiswahili: "Wenye msiba wapunguze redio, hatutakwazika. Matanga yakiisha mtatukuta hapa hapa." Nimewahi kumwona mteja wangu, aliyezika siku chache nyuma, akifuta macho kwa pembe ya taulo kwa neno hilo, kisha akaomba nimwongezee sauti.

Sasa niseme lililotokea.

Kwetu mwanamke akirudi kwao kwa hasira, mume hamfuati na maneno matupu. Anaongozana na wazee, wanabeba pombe ya ndizi, wanaketi kwa wakwe na kuomba. Basi kuna bwana mmoja wa Heru Juu mkewe alikuwa amerudi kwao, na chanzo kilikuwa baiskeli. Alikuwa akisikiliza wimbo wa Yule Dada wiki baada ya wiki, na kila kitu kinamgusa: baiskeli, mama mkwe, bati. Akaona wakwe zake wameipeleka kesi redioni. Na kama kesi iko redioni, basi wa kuombwa radhi ni redio. Jumamosi moja, mchana, akaja na wazee wawili na dumu la pombe, wakaketi kwenye benchi la barazani, kofia magotini.

Aliyewapokea alikuwa meneja mpya, kijana aliyetoka Dar, msomi, mwenye adabu zake. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, nasikia yote.

"Tumekuja kuomba yaishe," mzee mmoja alianza. "Kijana wetu amekosa. Lakini huko kwenye wimbo mmeshasema ya kutosha."

"Wimbo upi, mzee wangu?"

Wakautaja, ukapigwa. Meneja akausikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa. "Lakini huu wimbo ni wa gari. Kijana anasifia gari lake."

"Gari lipi?" mzee akashangaa. "Sisi hatuna gari. Tulikuwa na baiskeli, nayo imeuzwa, ndiyo hii balaa yote!"

Nililazimika kuingia ndani nikacheke nyuma ya pazia. Mtangazaji alipofika na kuelezwa, hakucheka. Aliwashika wale wazee mikono mmoja mmoja. "Ndugu zangu, pombe hii ipelekeni kwa wakwe. Hapa hakuna binti wa mtu." Wakaondoka na dumu lao, wakaenda moja kwa moja kwa wakwe, na mwanamke akarudi kwake kabla wiki haijaisha.

Meneja alimwita ofisini. Hakumfokea, na nataka hilo lieleweke, maana watu walimsema vibaya. Alimwambia, "Mzee wangu, muziki endelea nao. Ila usiwaambie watu kuwa ni tafsiri."

Mwingine angekubali huku anatabasamu, na Jumamosi angeendelea na yale yale. Mtangazaji hakuwa wa namna hiyo. Mzee wa kanisa ameambiwa amesema uongo, naye akaubeba mzigo huo wiki nzima. Jumamosi akasoma vifo, akanyamaza, akasogea kwenye maiki.

"Ndugu wasikilizaji, nimeelezwa kwamba nyimbo hizi hazisemi niliyowaambia. Sikukusudia kumdanganya mtu. Mimi niliyasikia hivyo."

Simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa yule mwalimu wangu wa Kiingereza, aliyepiga akiwa kwenye kiti changu, kichwa kimejaa rola. "Mzee, usiwe na wasiwasi. Tulijua tangu mwanzo!" Akapiga mtu wa Kakonko: hata huku tunajua, mzee, tafsiri tu. Akapiga mama wa Nyarugusu, anacheka mpaka anakohoa: "Papa, mie nilijua! Gari inaweza kuwa na mama mukwe?" Watu wote hao walikuwa wanampenda, na kila mmoja alidhani anampoza. Mimi nilikuwa nimekaribia ukuta, nikamsikia sauti inapungua. "Asante," akasema. "Asante, nimeelewa." Aliweka wimbo. Ukaisha, na mwingine haukufuata.

Akatoka, akaja mpaka mlangoni kwangu. Sikuwahi kumwona amelegeza tai.

"Washa draya, Mama Saluni," akasema. Akapanda baiskeli.

Baada ya hapo akahamia Kibondo, kwenye shamba lake la mihogo na mizinga ya nyuki, yeye na mkewe. Meneja alimpigia simu, akamfuata hata kwake kumwomba arudi atafsiri anavyotaka. Meneja akarudi Kasulu na chupa ya asali, jibu hana. Saa ile ikaachiwa kompyuta ipange nyimbo zenyewe kwa zenyewe. Ilikuwa haikosei hata mara moja. Draya zangu sasa zilifanya kazi Jumamosi nzima, vichwa vikakauka mapema, watu wakaondoka mapema, na saluni ikapoa kama jiko la jana. Nilimkosa yule mzee, nasema wazi. Nilikuwa nikisuka huku nimeusikilizia ukuta.

Kisha meneja akanijia na sura ya huzuni. Kuna watu wanautaka muda ule kwa kipindi cha michezo, na Mtangazaji asiporejea ifikapo mwisho wa mwezi, hana budi kuwapa. "Mimi hanisikilizi," akasema. "Labda wewe."

Nikampigia mke wake kumwambia naja. "Uje leo leo," akanijibu, na simu akaikata.

Nilipofika Kibondo nilimkuta Mtangazaji barazani, anachambua maharage kwenye ungo. Alifurahi kuniona, akaniuliza habari za mmoja mmoja, za redio hakuuliza. Mkewe alinipa kiti, akanisalimia kwa kunibana kifuani, akaingia jikoni na mlango akauacha wazi.

Nikamweleza habari ya kipindi cha michezo. Akasema michezo ni kitu kizuri, vijana wanaipenda. Nikamweleza kuwa yule bwana wa Heru Juu na mkewe hawajambo, na kwamba mkewe sasa ni mteja wangu, kila Jumamosi ananiuliza wimbo wa Yule Dada utaendelea lini.

"Muulizeni mwenye Kiingereza," akasema. "Watu wale walinicheka miaka yote hiyo, Mama Saluni. Mimi nimekaa ndani nikidhani nawafundisha, kumbe huko nje naangaliwa tu kama mtoto anayecheza."

Hapo nilikasirika. Nimesema mimi kwa ugomvi sijambo, na safari hii nilikuwa na pa kushika. "Mzee, mimi Kiingereza changu ni cha darasa la saba, tena cha kufelia. Lakini hata mimi nilijua kuwa hakuna Mzungu wa kuimba habari za bati la Heru Juu. Ulitaka tuamini hivyo, sisi ni wajinga? Tulikaa na maji shingoni, na baridi ile, kwa sababu ya Mzungu? Mzungu gani? Tulikuwa tunakusikiliza wewe."

Aliendelea kutafuta mawe kwenye maharage, ingawa niliona sasa anatupa na mazima. Mimi machozi yalikuwa yameshanifika machoni, na kwa kuwa sipendi kulia mbele za watu nikatoa simu, nikaibwaga kwenye ungo juu ya maharage yake. Fundi mitambo wa redio alikuwa ameniwekea humo wimbo mmoja ambao mzee hajawahi kuusikia. Nikabonyeza.

Gitaa likaanza polepole, peke yake. Kisha ngoma. Kisha mwanamume mmoja akaanza kulalama kwa sauti ya kukwaruza. Mtangazaji aliinamisha kichwa. Vidole vikasimama kwenye maharage. Tukakaa hivyo mpaka katikati ya wimbo, na mimi nikawa nimekata tamaa, nawaza jinsi ya kumwambia meneja.

"Huyu ana shida," akasema ghafla.

Ile ilikuwa sauti ya ndani ya redio, si ya barazani.

"Anasema kuna mzee mmoja, kaacha kazi kwa kuona haya. Yuko nyumbani kutwa." Gitaa likapaza, naye akapaza. "Anahamisha masufuria. Anamfundisha mkewe kupika ugali, mwanamke aliyepika ugali maisha yake yote! Anahesabu kuku asubuhi, anawahesabu tena mchana. Mnasikia hapo? Hapo mwanamke analia, anasema, jamani, huyu mtu hana kwao? Hana kazi? Hakuna mtu wa Kasulu wa kuja kumchukua?"

Kutoka jikoni mwiko ulianguka. Mkewe akatokea mlangoni, amejishika kiuno, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Ego, ndiyo!" akasema. "Huo sasa umeutafsiri sawasawa, neno kwa neno."

Mzee akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona anatabasamu. "Basi nitafutie nguo zangu," akamwambia.

"Ziko kwenye begi," mkewe akajibu, "tangu mama huyu aliponipigia simu."